Mawe ya Mama Jabali Hayatupwi

Jumamosi, tarehe nane Machi. Tangu alfajiri manyunyu yalikuwa yakianguka, na upepo wa baridi ulikuwa ukichezesha bati moja lililolegea uani. Watu wengi walivuta shuka wakalala tena. Mama Jabali hakulala. Alisali, akabandika maji ya chai, kisha akakunja mikono ya gauni lake. Jumamosi ilikuwa siku ya kuyaogesha mawe.

Mawe yake yalikuwa arobaini na moja. Yalijaa rafu tatu za sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka televisheni. Hayakuwa mawe ya kujengea. Yalikuwa madini, na mengi yalikuwa fuwele, yaani mawe yaliyoota pembe na nyuso laini kana kwamba fundi ameyachonga. Moja lilikuwa la kijani lenye mistari. Moja lilikuwa jekundu kama damu. Moja lilikuwa na nyuzi nyeupe kama mvi. Machache yalikuwa ya kijivu, mazito, yanang'aa kama kioo cha kujitazamia.

Kwa miaka thelathini mama huyu alifagia madarasa ya chuo cha madini. Stoo ya chuo ilipohamishwa, mawe ya zamani yalitolewa nje yakatupwe. Yeye alisimama mbele ya gari la taka, ufagio mkononi.

"Hii ni kazi ya mikono ya Mungu," alisema. "Kama hamyataki, nipeni mimi."

Wakampa. Tangu siku hiyo wakamwita Mama Jabali, kwa sababu ya mawe, na pia kwa sababu ya kichwa chake kigumu.

Kila jiwe lilikuja na kikaratasi kilichobandikwa kwa gundi. Wakati huo Mama Jabali hakujua kusoma. Aliona vikaratasi vinaharibu sura ya mawe. Akayaloweka yote kwenye siki, akavikwangua vikaratasi kwa mswaki mpaka kikatoka cha mwisho. Alijisifu sana kwa kazi hiyo.

Asubuhi hii alileta beseni la jikoni, lile lile la kuoshea mboga. Akamimina maji na siki, akaanza kusugua. Karibu naye alikaa mjukuu wake wa miaka sita, kidevu juu ya magoti. Mtoto huyu aliitwa Kibiriti, kwa sababu mdomo wake ulikuwa mwepesi kuwaka. Mama yake, binti wa Mama Jabali, alikuwa dobi wa hoteli. Alimleta kwa bibi kila siku kabla ya kwenda kazini.

"Kibiriti, njoo unywe chai."

"Sitaki, Bibi. Tumbo linaniuma."

"Tena? Jana liliuma, juzi liliuma. Hilo tumbo halina siku ya mapumziko?"

Mtoto hakucheka. Mama Jabali aliacha kusugua. Zamani Kibiriti angemjibu maneno matatu kwa moja. Sasa alikuwa analegea, analia ovyo, na mwalimu wake alisema siku hizi anasahau hata herufi alizozijua.

"Nipe limau, basi," mtoto akasema.

Limau lilikuwa dawa ya Mama Jabali kwa kila kichefuchefu. Alikuwa na chupa kubwa ya malimau yaliyolowekwa kwa chumvi na siki. Malimau huelea. Ili yasielee, Mama Jabali aliyakandamiza kwa jiwe dogo la kijivu, zito ajabu kwa udogo wake. Akalisogeza jiwe kwa kijiko, akachota limau moja, akampa mtoto.

"Haya, kula. Utapona."

Hakupona. Jumatatu alitapika shuleni. Mama yake aliomba ruhusa kazini, wakaenda wote watatu kituo cha afya. Daktari alimgusa tumbo, akamtazama macho, akauliza maswali mengi. Mwisho akachukua damu.

Majibu yalirudi baada ya wiki. Daktari aliwakalisha chini.

"Damu ya mtoto ina madini ya risasi," alisema. "Ni yale yanayotumika kwenye betri za magari. Yakiingia mwilini ni sumu. Humletea mtoto maumivu ya tumbo, humkosesha choo, humlegeza, humharibia damu. Baya zaidi, huusumbua ubongo unaokua. Je, nyumbani kuna mtu anayetengeneza betri? Kuna rangi ya zamani inayobambuka ukutani?"

"Hakuna," alisema Mama Jabali.

"Sufuria za kienyeji za kuyeyusha vyuma chakavu?"

"Hakuna."

Binti yake alikuwa amemkodolea macho. "Mama," alisema polepole, "kuna mawe."

"Mtoto hali mawe!"

"Kuna mawe arobaini na moja, Mama. Yako sebuleni."

Daktari aliinua kalamu. "Mawe gani?"

Binti akamweleza habari za zile rafu, Mama Jabali akitazama dirishani. Daktari hakumgombeza. Alisema jambo la kwanza ni kuitafuta sumu inakotoka na kuiondoa, kwa maana dawa peke yake ni sawa na kukausha sakafu huku bomba linavuja. Akaagiza pia mama na bibi wapimwe. Mtoto ale vyakula vyenye kuongeza damu, mboga za majani, maharage, maziwa, matunda. Arudi kupimwa.

Nje ya lango binti hakungoja hata wafike nyumbani.

"Kibiriti harudi kwako, Mama. Nitamlipa jirani amtunze. Chagua. Mawe, au mjukuu."

"Usinichagulishe kama muuza duka."

"Chagua!"

"Sichagui!" alisema Mama Jabali, na sauti yake ikawafanya wapita njia wageuke. "Nitavitunza vyote viwili, au Mungu anionyeshe kwa nini isiwezekane."

Binti alimbeba mtoto akaondoka. Kibiriti alipunga mkono mdogo juu ya bega la mama yake.

Alfajiri iliyofuata Mama Jabali alipiga magoti sebuleni, mbele ya rafu. Hakulia. "Ee Mungu," alisema, "sikuombi unipe mtoto na kuninyang'anya mawe. Sikuombi unipe mawe na kuninyang'anya mtoto. Nakuomba akili. Unayo nyingi, mimi ninahitaji kidogo tu."

Alikuwa bado hajasema amina aliposikia magurudumu yakisaga kokoto. Alikuwa shemeji yake, seremala, ndugu wa marehemu mumewe. Amekuja na toroli na magunia mawili. Majirani walishaanza kukusanyika, maana habari mbaya haihitaji nauli.

"Shemeji, nipishe," alisema seremala. "Leo tunayamaliza haya."

Mama Jabali alisimama katikati ya mlango. Alishika mwimo huu kwa mkono wa kushoto na mwimo ule kwa mkono wa kulia.

"Sipishi."

"Mtoto wa watu anaumwa!"

"Ni mtoto wangu. Na wewe unajua ni jiwe lipi lililomuuguza? Unajua limemwingiaje?"

"Nitajuaje? Mawe kama hayo yana wenyewe. Yana mashetani."

"Daktari alitaja risasi. Shetani hakumtaja."

Watu walicheka. Seremala aliona haya, akapandisha sauti. "Nayatupa mtaroni, yaende na maji!"

"Na maji ya mtaro yanaenda wapi, shemeji? Si yanapita kwenye bustani za bondeni? Si huko unakonunua mchicha wako? Kama mawe haya ni sumu, unataka tuinywe mtaa mzima ndipo uridhike?"

"Amesema kweli," ilisema sauti ya nyuma.

Watu walipisha. Alikuwa msichana mpangaji wa nyumba ya pili, anayefanya kazi maabara ya kupima madini. Mtaani walimwita Dada Maabara. Alikuwa njiani kwenda kazini, mkoba begani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kama nawe umekuja kubeba, toroli limeshajaa maneno."

"Sikuja kubeba. Nyumbani kwangu nina mawe zaidi ya mia. Wewe na mimi tunaumwa ugonjwa mmoja." Akamgeukia seremala. "Baba, jiwe lenye sumu halitupwi mtaroni, wala mtoni, wala jalalani. Mama yuko sahihi." Kisha akamtazama Mama Jabali usoni. "Lakini umekosea mahali, Mama. Jiwe likikaa rafuni halimrukii mtu. Kuna njia limepitia. Niruhusu niitafute."

Mama Jabali alimpima kwa macho toka juu hadi chini. Mtoto wa juzi. Lakini huyu hakusema tupa. Mikono ikaachia miimo ya mlango.

Dada Maabara alivaa glavu kabla ya kugusa kitu chochote. Alilitazama jiwe la kijani. "Hili lina shaba." Akalitazama lile jekundu, akavuta pumzi. "Hili lina zebaki. Unalikaushia wapi ukishaliosha?"

"Kando ya jiko la mkaa. Linakauka upesi."

"Usirudie, Mama! Likipata joto kali linatoa mvuke wa sumu. Huuoni, na unaingia mapafuni." Akasimama mbele ya jiwe la nyuzi nyeupe. Hakuligusa. "Na hili?"

"Hilo nalichana kwa mswaki. Nyuzi zake zinapendeza zikinyooka."

"Hiyo ni asbesto. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko vumbi. Ukizivuta hazitoki tena kifuani, na ugonjwa wake unaweza kuja baada ya miaka ishirini au zaidi." Akauliza kwa upole, "Mama, mawe ya chuo huwa na vikaratasi. Vyako viko wapi?"

"Nilivikwangua."

"Viliandikwa nini?"

"Ningejuaje?" Sauti ya Mama Jabali ilipasuka. "Mwaka ule sikujua hata a! Darasa la jioni nimeanza Januari hii. Niliona uchafu wa karatasi, nikausafisha."

Hata seremala aliangalia viatu vyake.

Dada Maabara alinyanyua jiwe la kijivu. "Haya ndiyo yenye risasi. Nahesabu manne. Yapo mengine?"

"La tano liko jikoni," alisema Mama Jabali. Na alipolitamka neno hilo, alielewa.

Alikwenda mwenyewe. Hakukimbia. Alirudi na chupa ameikumbatia, akaiweka sakafuni kama mtu anayetua maiti. Ndani, chini ya malimau, jiwe lilikuwa limepoteza mng'ao wake.

"Siki inalila jiwe," alisema Dada Maabara kwa sauti ndogo. "Chumvi na limau pia. Sumu inatoka kwenye jiwe kidogo kidogo, inaingia kwenye maji, inaingia kwenye limau."

"Nami nilikuwa nampa. Kila akisema tumbo linauma, nampa jingine. Kwa mkono huu."

"Hukujua, Mama."

"Kutojua hakukumponya." Mama Jabali alijifuta uso kwa kiganja, akainua kidevu. "Usinibembeleze, mwanangu. Nifundishe."

Dada Maabara alipiga simu kazini akaomba achelewe. Akafundisha.

"Mafuta ya taa tunakaa nayo ndani," alisema, "lakini hatuyaweki kwenye chupa ya maji ya kunywa. Basi na mawe ni hivyo hivyo. Jiwe na jikoni wasijuane. Beseni la mboga lisiwe beseni la mawe. Jiwe lisiwekwe kwenye maji ya kunywa, hata mtu akikuambia linaponya. Usililambe, usilisage, usilikate, usilichome."

"Na vumbi? Niyaache yachakae?"

"Futa kwa kitambaa chenye unyevu, umevaa glavu. Kitambaa hicho kitie kwenye mfuko wa plastiki, funga, usikifue na nguo za watu. Sakafu ipigwe deki. Usifagie, ufagio unarusha vumbi hewani."

"Miaka thelathini nimekula kwa ufagio, leo naambiwa nisifagie!"

"Leo unaambiwa, Mama. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kabla ya kumgusa mtoto. Na mwenye mimba asiyashike kabisa."

Seremala alikohoa. "Sasa, hayo mawe yakae wapi? Mtoto si ana mikono?"

"Kwenye kabati lenye vioo na kufuli," alisema Dada Maabara. "Yaonekane, yasishikike."

"Kabati," alisema Mama Jabali, akimgeukia shemeji yake. "Nani hapa anajua kutengeneza kabati? Au kazi yake ni kusukuma toroli tu?"

Watu waliangua kicheko. Seremala alicheka pia, bila kupenda. Jioni hiyo alikuja na futi ya kupimia.

Dada Maabara alilitoa jiwe la kijivu kwenye chupa, akalipangusa, akaliweka pamoja na yale manne, kisha akachukua chupa, beseni na mswaki. Alivifunga kwenye mifuko miwili miwili, akavipeleka maabara, mahali pa kuhifadhia taka zenye sumu. Kisha Mama Jabali akasimama mbele ya jiwe la nyuzi nyeupe. Alikuwa amelipenda kuliko yote.

"Hili nalo lichukue," alisema. "Lifunge vizuri."

"Linaweza kukaa kwenye kopo lililozibwa, Mama, kama hutaki kuachana nalo."

"Mjukuu wangu ana mapafu mawili. Lichukue. Lakini usiseme nimeogopa. Sema nimejua."

Yakabaki arobaini.

Wiki tatu kabati lilikuwa likijengwa. Wiki hizo hizo Mama Jabali alikwenda kwenye darasa la jioni na orodha ya mawe aliyoandikiwa na Dada Maabara. Wenzake walikuwa wakijifunza kuandika majina ya matunda. Yeye alimwambia mwalimu, "Ndizi naijua, hata nisipoiandika haitaniua. Nifundishe kuandika sumu."

Darasa zima lilicheka, kisha darasa zima likaandika pamoja naye. RISASI. ZEBAKI. SHABA. SUMU, USIGUSE. NAWA MIKONO. Herufi zake zilikuwa kubwa na zilipanda mlima. Alirudia kikaratasi cha zebaki mara tisa, mpaka kikasomeka na mtu aliyesimama mlangoni. Mengine kati ya yale arobaini hayakuwa na sumu. Kwenye hayo aliandika jina la jiwe tu, kwa wino wa buluu. Yenye sumu aliyaandika kwa wino mwekundu, akayafungia rafu ya juu.

Damu yake mwenyewe nayo ilikutwa na risasi, ingawa si nyingi kama ya mtoto. "Afadhali," alimwambia daktari. "Ningeona aibu kuwa mzima peke yangu."

Lakini binti hakurudi. Alipita mtaani na sare yake ya kazi, akamsalimu mama yake kwa adabu, akaendelea na safari. Mtaani walisema, "Jabali, yatupe tu, umpate mtoto." Aliwajibu wote neno moja: "Siwezi kumdanganya binti yangu kwamba jiwe ndilo lililokosa. Mimi ndiye niliyekosa. Na mimi ndiye ninayejirekebisha."

Mwezi Mei Kibiriti alipimwa tena. Ijumaa mchana, binti alikuja mwenyewe. Kibiriti alikuwa mbele yake, na mdomo wake ulifika kabla ya miguu.

"Bibi! Daktari amesema risasi imeshuka sana! Na sindano haikuniuma, ila kidogo, na sikulia, ila kidogo!"

Mama Jabali alikuwa ametoka kufuta kabati. Mtoto alimkimbilia.

"Simama hapo hapo!" bibi alipaza sauti.

Kibiriti alisimama. Mama Jabali alivua glavu, akaenda bombani, akanawa kwa sabuni, viganja, vidole, kucha, mpaka kwenye viwiko. Akajifuta. Ndipo akafungua mikono.

Binti aliona yote. Aliingia sebuleni, akavuta mlango wa kabati. Ulikuwa umefungwa. Akasoma vikaratasi kimoja kimoja kupitia kioo. Kwenye kile cha zebaki alikaa muda mrefu.

"Nani amekuandikia?"

"Mkono huu."

Binti aligeuka, macho yamelowa, lakini sauti yake ilikuwa ngumu. Alikuwa mtoto wa mama yake. "Daktari amesema bado atapimwa tena na tena. Amesema tumfuatilie shuleni pia, huenda kichwa chake kikachelewa kidogo. Siwezi kumwacha hapa kwa kuona kabati tu, Mama. Nataka neno lako. Na nataka watu wasikie."

"Waite," alisema Mama Jabali.

Wakaitwa. Seremala alikuja na randa mkononi. Dada Maabara alikuja, mwalimu wa jioni alikuja, na majirani wakajaa kizingitini. Mama Jabali alimshika Kibiriti mkono, akasimama wima mbele yao.

"Mungu anasikia, na ninyi mnasikia," alisema. "Mlinitaka nichague, na sikuchagua. Sichagui hata leo. Mawe yangu yatakaa, na mtoto huyu atakaa. Lakini naahidi mbele yenu wote: jiwe halitaingia jikoni kwangu tena, na ufunguo wa kabati hautatoka shingoni mwangu. Nisichokijua nitauliza, hata kama anayejua ni mtoto wa juzi. Na sitamlisha mtoto huyu tonge moja kabla ya kunawa kwa sabuni mbele ya macho yake, kila siku, mpaka akue, mpaka anichoke, mpaka aniambie, Bibi, sasa inatosha. Na akisema inatosha, nitanawa tena."